Takwimu za ajali zielekeze fedha za kurekebisha barabara

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 waliaga dunia katika eneo la Migaa, Kaunti ya Nakuru, baada ya basi na lori kugongana ana kwa ana. Karibu na hapo, Sachangwan, zaidi ya watu 100 walikuwa wameteketea Januari 2009 lori la mafuta lilipoanguka na kushika moto. Kisha tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani upande wa Kericho, lori lilipoteza mwelekeo na kuwaua zaidi ya watu 45, wengi wao wakiwa wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara.

Kila mkasa ulikuwa na sababu zake, lakini yote mitatu ilitokea katika ukanda mmoja unaounganisha Nakuru na magharibi mwa nchi, penye miteremko mirefu, malori mazito na vituo vya biashara vilivyosogea hadi ukingoni mwa lami. Dereva mzembe anaweza kukosea popote. Makosa yanapoua mahali pale pale mara kwa mara, barabara yenyewe inastahili kuchunguzwa.

Huo ndio msingi wa kutumia takwimu kutambua maeneo hatari. Afisa wa polisi anayefika penye ajali hujaza fomu ya P41, inayoeleza mahali, saa, aina ya magari, hali ya barabara na walioathiriwa. Fomu hizo zinapounganishwa kwa miaka kadhaa na kuwekwa kwenye ramani, wahandisi huweza kuona kama tatizo ni kona, giza, mwendo wa kasi au ukosefu wa kivuko.

Salgaa ni mfano wa tiba inayolingana na ugonjwa. Ajali nyingi huko zilitokana na magari kuacha upande wake na kuvaana na yanayokuja. Baada ya mkasa wa Migaa, usafiri wa mabasi ya masafa marefu usiku ulipigwa marufuku kwa muda, lakini hatua iliyolenga chanzo ilikuwa ukuta wa zege uliojengwa mwaka 2018 kutenganisha pande mbili za barabara. Hata hivyo, ukuta wa aina hiyo haungeweza kuwakinga wachuuzi wa Londiani, ambao walihitaji soko lililo mbali na lami na mahali salama pa magari kusimama. Ndiyo maana haitoshi kujua idadi ya waliokufa. Ni lazima ijulikane walikuwa nani na walikufa vipi. Nchini Kenya, watembea kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaouawa barabarani.

Ubora wa takwimu zenyewe nao ni suala zito. Kwa mwaka 2016, rekodi rasmi zilionyesha vifo 2,965, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikadiria 13,463. Sehemu ya pengo la aina hii hutokea pale majeruhi anapofariki hospitalini siku kadhaa baadaye bila taarifa hiyo kurudi katika faili ya polisi. Kwa hivyo rekodi za polisi, hospitali na vyumba vya kuhifadhia maiti zinapaswa kuoanishwa. Eneo ambalo vifo vyake havikuhesabiwa haliwezi kupewa kipaumbele katika bajeti.

Jijini Nairobi, watafiti wa Benki ya Dunia waliunganisha ripoti za polisi na ujumbe ambao wasafiri waliandika katika mtandao wa Twitter kati ya mwaka 2012 na 2020, wakachora ramani ya ajali. Ilibainika kwamba sehemu chache za mtandao wa barabara hubeba mzigo mkubwa wa ajali za jiji. Hiyo ni habari njema kwa taifa lenye fedha finyu: si lazima kila kilomita ifumuliwe ili maisha yaokolewe.

Mpango wa Kitaifa wa Usalama Barabarani wa 2024–2028 unalenga kupunguza vifo kwa nusu. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, unapitia baadhi ya maeneo yaliyotajwa hapo juu, na utakuwa kipimo cha nia hiyo. Njia pana zitapunguza magari kugongana ana kwa ana, lakini pia zitaongeza kasi. Bila vivuko, njia za miguu na maeneo ya biashara yaliyopangwa, hatari itahama kutoka kwa abiria hadi kwa anayevuka.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Ajali ikitokea, hata ikiwa ndogo, iripotiwe kituo cha polisi, na mahali ilipotokea paelezwe kwa usahihi. Katika vikao vya ushirikishaji wa umma, wakazi wana haki ya kuuliza ni maeneo gani hatari yametambuliwa, yametengewa fedha kiasi gani, na kama vifo vimepungua baada ya marekebisho. Eneo hatari lililotambuliwa na kuachwa bila kurekebishwa litaendelea kuua.