Aliye juu anakunywa, aliye chini anahutubiwa

Kiangazi kikishika, wimbo ni uleule. Bwawa la Nyumba ya Mungu limeshuka kina, tabianchi imetuonea, wakulima wa juu wamezidi, wananchi tuvumilie. Mvua ikinyesha bwawa linajaa kiasi, viongozi wanashukuru Mungu, na mjadala unakufa mpaka kiangazi kingine. Mimi uvumilivu umeniishia.

Wengi wanaoyahutubia maji haya hawajui hata yanakopita. Mto Lumi unaanzia miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, Tanzania. Unavuka mpaka, unapita Taveta, Kenya, kisha unamwagika Ziwa Jipe, ambalo mpaka umelikata katikati. Jipe ndiko unakotoka Mto Ruvu (si ule wa Pwani unaowanywesha watu wa Dar es Salaam), unaorudi Tanzania na kuungana na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Baada ya hapo ni Pangani: Korogwe, Hale, hadi baharini. Maji yanatoka kwetu, yanakwenda kwa jirani, yanarudi kwetu, na kila kituo kuna mtu na pampu yake.

Ndiyo maana hizi lawama za kuvuka mpaka zinanichefua. Wa chini humwita wa juu mwizi. Ukishuka hatua chache unakuta huyo mlalamikaji naye ni wa juu kwa mtu mwingine, na anafungulia mfereji usiku vilevile. Kumnyooshea jirani kidole ni rahisi kuliko kwenda kuufunga mfereji wa mpiga kura wako.

Wakati huohuo Jipe inajifia. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi, kisichozidi mita chache. Udongo unaoporomoka milimani unalijaza, na magugu yameliziba hadi kwenye mdomo wa Ruvu. Perege wa Jipe hana kwao kwa asili nje ya bonde hili, na mvuvi anayemfuata anasukuma mtumbwi kwa mti kati ya matete, mahali palipokuwa maji matupu.

Serikali hazijakaa kimya, la hasha, karatasi zipo. Mwaka 2013 Kenya na Tanzania zilitia saini hati ya makubaliano kuhusu maziwa Chala na Jipe na Mto Umba. Kwa wasiozoea lugha ya maofisini, hati ya makubaliano ni ahadi isiyo na hakimu. Sheria ya maji ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2016 zote zinataka kwanza yatengwe maji ya watu majumbani na ya uhai wa mto wenyewe, ndipo wengine wagawiwe. Basi vibali vya kutumia maji vya upande wa Taveta na vya upande wa Moshi vijumlishwe kwenye daftari moja. Bila hivyo, kila upande unagawa mto mzima kana kwamba mwenzake hayupo.

Wapare wa milima ya bonde hili, suala la kugawana maji walilimaliza zamani. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe lililo juu ya mashamba. Usiku linakusanya maji ya kijito, asubuhi zibo linatolewa, maji yanashuka mferejini kwa zamu. Asiyetokea kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzoa tope anatozwa faini, akikaidi zamu yake inarukwa. Sisemi ilikuwa pepo, maana koo zenye nguvu zilijipendelea. Lakini kila mwenye shamba aliona kwa macho yake maji yaliyomo, na alimjua mwenye zamu. Leo mkulima wa Kahe anapata bei ya kitunguu ya Nairobi kwenye simu. Kina cha bwawa, na orodha ya wenye vibali wa nchi zote mbili pamoja na kiasi walichoruhusiwa, vimfikie kwa simu hiyohiyo kila mwezi. Anayeona aibu jina lake lisomwe hadharani, bila shaka anayo sababu.

Na hili la kuyabana maji kwa ajili ya umeme tuliseme wazi. Nyumba ya Mungu ilijengwa miaka ya 1960. Mitambo yake ya umeme ni megawati 8, ile ya Hale 21, na ya Maporomoko ya Pangani 68. Jumla 97. Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115! Hatuna tena kisingizio cha kumfukuza mkulima mtoni kwa ajili ya taa za mjini. Tena Nyumba ya Mungu hiyohiyo sasa inanywesha watu kupitia mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, uliozinduliwa Machi 2025. Ratiba ya kufungulia maji iandikwe upya: watu kwanza, halafu mto na mashamba, na mashine zizunguke kwa maji hayohayo yanapopita.

Wa mwisho kabisa kwenye mstari huu ni mkazi wa Pangani mjini. Mto ukidhoofika bahari inaupanda, na chumvi inaingia kwenye mashamba na minazi. Mkutano ujao wa nchi mbili usiitishwe kwenye hoteli ya Arusha wala Nairobi. Uitishwe Pangani, wakati wa kiangazi, na mawaziri wote wawili wawekewe mezani maji ya mtoni.