Aliyevunja kokoto naye ana historia

Leo tuwazungumzie vijana waliomaliza mitihani na sasa wanashinda sokoni Muthara wakihesabu magari ya miraa yanayopita. Mzazi analalamika kuwa mtoto amekaa bure. Kijana anajibu kuwa kazi hakuna. Lakini je, isiyo na mshahara si kazi?

Huko Wales, Uingereza, kuna reli ndogo iitwayo Talyllyn. Ilifunguliwa mwaka 1865 ili kubeba mawe ya kuezekea nyumba kutoka timbo la Bryn Eglwys. Timbo lilifungwa mwaka 1946, na reli nayo ikawa mahututi. Mwaka 1951 watu wakajitolea kuiokoa. Huyu afyeke nyasi, yule akate tikiti, mwingine atie makaa. Reli hiyo ingali inakwenda, na kituoni Tywyn kuna makumbusho ya reli ndogo kama hizo na vibehewa vilivyobeba mawe.

Utaniambia, "Hayo ni ya Wazungu. Sisi Watigania hata reli hatuna." Kweli, reli iliyotoka Nairobi iliishia Nanyuki. Lakini jiulize, reli hulala juu ya nini? Chini ya mataruma kuna kokoto, na hapo zamani kokoto ilivunjwa kwa nyundo na jasho.

Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Waafrika nao walifyeka, wakachimba, wakabeba. Nenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, utaonyeshwa behewa ambamo simba alimnyakua Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, huko Kima mwaka 1900. Jina lake tunalijua. Je, aliyevunja kokoto aliitwa nani?

Hata mjini Meru swali ni lilo hilo. Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yamo katika jengo la mawe la mwaka 1916 lililokuwa ofisi ya Bwana DC. Mawe yale hayakujichonga.

Basi kijana, chukua kalamu. Andika barua kwa msimamizi wa makumbusho, ambatisha barua ya shule, useme unachoweza: kupangusa vumbi, kuongoza watoto wa shule, kueleza majina ya vifaa kwa Kimeru. Usidai malipo, ila uliza mapema kuhusu nauli na chakula.

Ukingoja jibu, mtafute mzee aliyechonga mawe ujanani. Mpelekee sukari, keti, umuulize. Nyundo, tindo na mtaimbo aliviitaje? Alilipwa kwa siku au kwa jiwe? Nani aliumia? Andika maneno yake yalivyo, pamoja na jina lake na tarehe, kisha umsomee akusahihishe. Akikubali, peleka nakala makumbusho.

Nawe mzazi, usimcheke. Mpe nauli. Atarudi na barua ya sifa na mazoea ya kuamka mapema, na huenda jina la babu yako likaandikwa mahali ambapo wajukuu watalisoma.