Kipepeo Yupi?

Hapa Mahurunga, karibu na Ruvuma inapoingia baharini, miti ya mikoko ina majina: mkoko, mchu, mkandaa, mlilana, mkomafi. Ilipewa majina kwa kuwa ina kazi. Mkoko kwa boriti, mlilana kwa mataruma ya mashua. Lakini vipepeo, wakubwa kwa wadogo, wote tunawaita kipepeo tu.

Ulaya ya kaskazini, hata kipepeo wa vinamasi vya baridi, Boloria aquilonaris, ana jina lake katika lugha za wenyeji. Kwetu Danaus chrysippus hana, ingawa yuko kote Afrika Mashariki. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu wa sumu, na uchungu huo humlinda hata akishaota mbawa. Jike wa Hypolimnas misippus hana sumu, bali huvaa rangi zile zile za chungwa na nyeusi, ndege wakamwacha.

Mshairi anayeandika "kipepeo" amewachanganya mwenye uchungu na mwigaji wake. Hiyo si tamathali, ni uvivu. Napendekeza kipepeo mchungu na kipepeo mwigo. Mwenye majina bora na ayalete, ila tusiendelee kusifu mbawa tusizozitambua.