Unga Mweusi na Kutu

Kiangazi cha Lubumbashi huanza yapata mwezi wa Mei na kuishia Septemba. Siku hizo vumbi jekundu huingia katika kila tundu la kufuli na kila bawaba. Mafuta hulinasa vumbi hilo, nalo hugeuka tope la kukwaruza chuma. Kwa hiyo wengi hupendelea unga mkavu wa grafiti, yaani kaboni ile nyeusi iliyomo katika kalamu ya risasi, ijapokuwa risasi yenyewe haimo. Grafiti ni tabaka nyembamba ziteleazo moja juu ya nyingine, wala hainasi vumbi. Kwa kiangazi ni dawa njema.

Lakini mvua zirudipo, kufuli lile lile la lango laweza kuota kutu upesi. Sababu ni nini? Na tulifikirie jiwe la tochi. Katikati mna kijiti cha kaboni. Nje mna kopo la zinki. Kati yake mna uji wenye unyevu. Umeme upitapo, zinki ndiyo ilikayo, na kijiti cha kaboni husalia kizima. Basi, katika kufuli lililolowa, chuma hushika mahali pa zinki, grafiti mahali pa kijiti, na tone la mvua mahali pa uji. Hatuoni taa ikiwaka, bali chuma chalika kweli. Aluminiamu nayo huumia vivyo hivyo. Ndiyo maana mafundi wa ndege hukatazwa kuichora alama kwa kalamu ya risasi.

Uko unga mwingine, wa molibdeni na salfa, utumikao penye mizigo mizito. Huo nao, ukikaa katika hewa yenye unyevu, hugeuka polepole na kutoa asidi ilayo chuma.

Twaona, basi, kwamba kulainisha ni kazi moja, na kukinga ni kazi nyingine. Unga hutelezesha, lakini hauzuii maji. Mafuta na grisi hukifunika chuma, maji yasikifikie. Kufuli la ndani, mahali pakavu, latosheka kwa grafiti. Lakini kufuli la nje, bawaba za lango na mnyororo wa baiskeli, vifuteni vema na kuvipaka mafuta kabla ya mvua za kwanza. Kitambaa kikuukuu na matone machache ya mafuta ni gharama ndogo; kufuli jipya hula fedha ya madaftari ya watoto.