Moshi usio na mwenyewe

Katika lugha yetu ya Kiswahili karibu kila kitu kina mwenyewe. Twasema mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye shamba. Sijapata kusikia hata siku moja mtu akiitwa mwenye moshi, wala mwenye uvundo. Jirani yangu mmoja huchoma takataka nyuma ya ua wake kila Jumamosi alasiri. Taka ni zake, ua ni wake na kiberiti ni chake. Lakini moshi, ukishauvuka ukuta, huwa wangu na wa wanangu. Nilipomwendea kwa adabu alinijibu kwamba anafanya shughuli zake katika ploti yake. Kisarufi, alisema kweli.

Wanauchumi wanalo jina la hasara ya namna hii, ambayo mtu humsababishia mwenzake pasipo kuilipia. Mimi nitaiita gharama ya pembeni, maadamu haiingii katika daftari la anayeisababisha. Mwaka 1920, Mwingereza Arthur Pigou alitoa hoja kwamba mwenye kusababisha gharama hiyo atozwe kodi. Miaka 40 baadaye Ronald Coase akaja na fikra nyingine: haki za pande zote zikiwa wazi, na mapatano yenyewe yakiwa hayana gharama, majirani wataelewana bila serikali kuwaingilia. Alirejelea kesi iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1879, ya mtengenezaji peremende wa London ambaye vinu vyake vilimsumbua daktari aliyejenga chumba cha kuwapimia wagonjwa ubavuni mwake. Daktari alishinda, lakini Coase alisema kwamba hata baada ya hukumu wawili hao wangeweza kuuziana haki hiyo.

Hoja hii inapendeza darasani. Walakini mtengenezaji peremende na daktari walikuwa watu wawili tu, kila mmoja na mahali pake palipotambulika kisheria. Je, ingekuwaje iwapo upande mmoja ni kiwanda chenye leseni, na upande wa pili ni watu 3,000 wasio na hatimiliki?

Hayo ndiyo yaliyotokea Owino Uhuru, mtaa wa mabanda mjini Mombasa. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, ili kupata madini ya risasi, kilifanya kazi bega kwa bega na nyumba za watu. Risasi huingia mwilini kwa vumbi, kwa moshi na kwa maji. Huudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linashikilia kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, alibaini kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu hiyo damuni. Kilio chake na cha majirani kilichukua miaka mingi kusikika, hadi shughuli za kiwanda zilipokoma mwaka 2014.

Kwa mizani ya hati, wenyeji wa Owino Uhuru hawakuwa na chochote cha kuuza wala cha kupatania. Maskwota hana ukuta ambao moshi waweza kushtakiwa kwa kuuvuka. Kilichowaokoa ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi; hakisemi kila mwenye ardhi. Kifungu cha 70 nacho kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yuko aliyepata hasara. Kwa maoni yangu, neno hilo dogo, mtu, lina uzito kuliko nadharia nzima ya mapatano. Linaitenga haki ya kuvuta pumzi na haki ya kumiliki kiwanja, mambo ambayo sisi Wakenya, kwa jinsi tulivyo na uchu wa ardhi, tumezoea kuyachanganya.

Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini msomaji na aitazame hukumu ile ya 2020 kwa makini. Sehemu kubwa ya mzigo wa fidia iliziangukia asasi za serikali zilizotoa vibali na kuzembea katika ukaguzi, ikiwemo NEMA. Sipingi kwamba zilistahili. Nauliza tu, asasi ya serikali hulipa kwa fedha za nani? Mama wa Owino Uhuru anapokwenda dukani kununua kipande cha sabuni, ndani ya bei hiyo mna kodi ya ongezeko la thamani. Basi gharama iliyotoka kiwandani ikaingia kifuani mwa mwanawe, imepitia mahakama tatu, na sasa inamrudia tena, safari hii kupitia mkobani mwake.