Jalada Lisiloonekana Haliombwi

Mtumishi yeyote aliyepitia ofisi zetu za umma anaijua masjala ya wazi na masjala ya siri. Aliyezuiwa kuingia ya pili aliuona mlango wake, na alijua kwamba majalada ya ndani yana namba na yameandikwa katika rejista. Alinyimwa yaliyomo, hakunyimwa kujua kwamba yapo.

Leo majalada yanahamia kwenye mifumo ya mtandao, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 imeipa hatua hiyo msingi wa kisheria. Naiunga mkono. Lakini katika maktaba hizi mpya msimamizi wa mfumo ndiye anayegawa ruhusa: huyu asome, yule ahariri, mwingine afute. Asiyepewa ruhusa, mara nyingi haoni hata jina la waraka. Mbele yake hakuna mlango uliofungwa. Kuna ukuta mtupu.

Tofauti hiyo si ya kiufundi tu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi imjibu mwombaji ndani ya siku 30. Sasa nauliza: ataombaje asichojua kama kipo?

Tambarare ya Sanya, kati ya Kilimanjaro na Meru, ina somo katika hili. Mwaka 1947 ripoti ya Jaji Mark Wilson kuhusu ardhi za Arusha na Moshi ilipendekeza eneo hilo liwe ukanda wa ufugaji wa walowezi. Novemba 1951 Wameru wa Engare Nanyuki wakaondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili aliyefanya kazi Moshi, aliifikisha kesi hiyo Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini dola ya kikoloni ililazimika kujitetea mbele ya dunia. Waliweza kubishana na uamuzi kwa sababu ulikuwa na jina, tarehe na mwandishi.

Leo Sanya Juu ni makao makuu ya Wilaya ya Siha, na ardhi bado ndiyo swali la kwanza la mkulima na la mfugaji. Mihtasari ya vikao, ramani za mipaka na mikataba ya mashamba haipaswi kuonekana kwa maofisa watatu pekee.

Siwalaumu watumishi bila kuwaelewa. Sheria hiyohiyo ya 2016 inatishia kifungo cha miaka 3 hadi 5 kwa anayetoa taarifa iliyozuiwa. Ofisa anayeogopa kutoa kuliko anavyoogopa kuficha atafunga kila kitu, kisha atauita woga huo uadilifu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha ya nyaraka iwe wazi kwa wananchi hata pale yaliyomo yanapofungwa, na kila kufuli liandikiwe sababu yake na cheo cha aliyelifunga. Pili, ruhusa zitolewe kwa cheo, si kwa mtu, ili ofisa akihamishwa asiondoke na ufunguo, wala asiendelee kuchungulia akiwa mkoa mwingine. Tatu, taarifa za wagonjwa, wanafunzi na mashauri ya kinidhamu zibaki zimefungwa, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Uwazi ninaoudai ni wa dola kwa raia, si wa raia kwa kila mpita njia.

Serikali ina haki ya kuwa na siri. Haina haki ya kuifanya idadi ya siri zake nayo kuwa siri.