Lebo ya Dawa na Muungano wa Watetezi

Neno "once" kwa Kiingereza ni mara moja. Kwa Kihispania ni 11. Mhamiaji akisoma neno hilo kwenye lebo ya dawa, huweza kujidhuru akidhani ametii daktari. Ni kwa mizani hii ninapopima miungano ya mashirika ya kutetea wahamiaji.

Mwaka 2007, mjini New York, Make the Road by Walking la Brooklyn liliungana na Latin American Integration Center la Queens, likazaliwa Make the Road New York. Aghalabu miungano huzaa ofisi kubwa na hotuba ndefu (nasi tulio katika vyama vya wanafunzi twayajua hayo). Huu ulikusanya malalamiko ya wagonjwa wa mitaa tofauti, na mwaka 2009 jiji likapitisha sheria ya kuyalazimisha maduka ya dawa yenye matawi mengi kutoa tafsiri na ukalimani.

Hofu kwamba muungano humeza sauti ndogo ina mashiko. Lakini je, sauti hiyo ilisikika ilipokuwa peke yake? Vyama vidogo vya Waafrika walioko ughaibuni, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili, havina budi kulijibu swali hilo kabla ya kung'ang'ania majina yao.